Kalkulasi Nayo Yataka Muraja'a
(Hotuba iliyotolewa katika kikao cha vijana baada ya Swala ya Asr)



Alhamdulillah, twamshukuru Allah (S.W.) kwa kutukutanisha tena katika mwezi huu mtukufu. Maustadh wangu, wazazi wangu na ndugu zangu vijana, nimeombwa nizungumze juu ya masomo, nami nimechagua kalkulasi. Naona wengine washaanza kucheka! Ngojeni kidogo.

Darasani kwetu yuko kaka mmoja wa miaka 37, fundi wa umeme, baba wa watoto watatu. Aliuza pikipiki yake ili alipe karo ya mwaka wa kwanza. Kalkulasi ikamkaba. Jumatatu anaelewa, Ijumaa kumefutika. Akaanza kusema akili ya mtu mzima haishiki tena, bora arudi kwenye nyaya zake.

Kwani kalkulasi ni nini? Matatu ikitoka Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120, kwa saa mbili, wastani wake ni kilomita 60 kwa saa. Lakini mshale ulio mbele ya dereva hauonyeshi wastani, waonyesha kasi ya pale pale. Kalkulasi hutafuta mshale huo. Chukua kitu ambacho baada ya sekunde 3 kimekwenda mita 9, yaani 3 mara 3, na baada ya sekunde 4 mita 16. Wastani hapo katikati ni mita 7 kwa sekunde. Sasa punguza muda. Kutoka 3 hadi 3.1 wastani ni 6.1. Kutoka 3 hadi 3.01 ni 6.01. Wasogelea 6, basi kasi ya pale pale kwenye 3 ni 6. Wallahi hilo halishindi akili ya mtu mzima.

Tulipoketi naye tukaona hesabu zake zaharibikia kwenye kufungua mabano na kujumlisha sehemu. Hiyo ni aljebra ya sekondari! (Na neno lenyewe latokana na al-jabr, lililo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9.) Miaka kumi na minane hujaigusa, utaikumbukaje?

La pili ndilo kubwa. Usiku alikuwa akisoma daftari, mfano baada ya mfano, akitikisa kichwa kuwa ameelewa. Nyinyi mliohifadhi juzuu, ustadh alikubali hivyo? Ustadh haulizi kama umeelewa. Asema funga msahafu, soma. Ukikwama akupa neno moja, waendelea. Na kabla ya somo jipya wasikilizwa la jana na la juma lililopita. Mtume (S.A.W.) alimfananisha aliyehifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba, asipowaangalia huenda zao. Ikiwa Qur'ani yataka muraja'a, sembuse kalkulasi?

Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti wao. Baada ya dakika tano, wanafunzi waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yakageuka, waliojijaribu bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Ndipo nikaielewa Jumatatu na Ijumaa ya kaka yetu.

Sasa baada ya Alfajiri akaa nusu saa na karatasi tupu. Swali moja la jana, moja la juma lililopita, moja la mwezi uliopita. Mkewe ndiye amshikiaye daftari. Hajui kalkulasi, lakini afuata mstari kwa mstari, na mume akikwama amsomea mstari mmoja tu. Wazazi, hata nyinyi mwaweza.

Bado yuko polepole, sitawadanganya. Mtihani ni baada ya Idd, mtieni kwenye dua zenu.

Wanaotaka, tutaketi hapa hapa kila Jumamosi wakati kama huu. Njooni na karatasi na kalamu. Madaftari tutayakusanya mlangoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.