Kikundi Kidogo na Kazi Kubwa

(Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema nanyi leo. Wenzangu wamekwisha kusimulia tulikotoka. Mimi nimeombwa kunena habari ya kazi iliyo mbele yetu, yaani namna watu wachache wawezavyo kusahihisha kazi yenye kasoro bila kikundi chao kuvunjika.

Tuchukue kahawa yetu. Kila mkulima ajua ya kuwa tunda jekundu likichumwa yafaa limenywe siku ile ile. Kisha kahawa huvundikwa katika tangi mpaka utelezi wake ulegee, huoshwa kwa maji safi, na huanikwa mezani mpaka unyevu ushuke kufika kadiri ya 10 hadi 12 kwa mia. Ikikawia njiani, au ikizidi muda katika tangi, huharibika. Na punje chache zilizooza zaweza kutia harufu mbaya gunia zima. Hapo daraja hushuka, bei hushuka, na mwenye shamba ndiye alipaye hasara.

Je, kosa li wapi? Mkulima husema karani wa mizani huchelewa. Karani husema lori lilikawia. Dereva husema foleni mtamboni ni ndefu. Fundi wa mtambo husema matunda mabichi yamechanganywa na mabivu. Pengine wote wasema kweli, ila kila mmoja aona kipande chake tu. Basi hawana budi kuketi pamoja. Huko Japani, tangu mwaka 1962, wafanyakazi wa viwandani walianza kukusanyika katika vikundi vidogo kuchunguza kasoro za kazi zao wenyewe, na Bwana Kaoru Ishikawa alikuwa miongoni mwa waliovieneza. Msingi wake ni huu: aifanyaye kazi kila siku aijua kasoro yake.

Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo kila mtu apewe kazi yake. Awepo mdhamini, mjumbe wa Kamati mwenye madaraka, apaye kikundi ruhusa na kukiondolea vizuizi, wala asiamue jambo kabla halijachunguzwa. Awepo kiongozi, aitishaye vikao na kuangalia kazi isitoke njiani. Awepo mwelekezi asiye na upande wowote, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mtu asikiwa, hasa yule mama aketiye nyuma kimya, naye ndiye achumaye na kuanika. Awepo mwandishi, aandikaye saa na uzito, asiandike uvumi. Kisha wawepo wenye kazi wenyewe: mkulima, karani, dereva na fundi.

Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Bwana Bruce Tuckman, alisoma maandishi mengi juu ya vikundi vidogo, akaona ya kuwa hupita hatua nne: kukutana, kugombana, kupatana na kutenda. Mwaka 1977 yeye na Bibi Mary Ann Jensen wakaongeza ya tano, kuagana. Vingi vya vikundi hivyo vilikuwa vya matibabu na mafunzo, wala havikuwa vya wakulima. Basi tuyachukue maneno yake kama taa ya njiani.

Nataka mshike hatua ya pili. Penye wengi pana mengi, na kamati nyingi hufa hapo. Karani akiambiwa mizani yake hukawia, hukunja uso. Mkulima akiambiwa huchuma mabichi, huondoka. Wakuu wakisikia kelele hukivunja kikundi na kuunda kingine, nacho huanza tena hatua ya kwanza. Na msimu umekwisha pita.

Dawa yake ni daftari. Iandikwe kila siku: tunda lilipimwa saa ngapi, lilifika mtamboni saa ngapi, lilimenywa saa ngapi. Baada ya majuma mawili watu hawataulizana tena nani mkosaji. Wataulizana saa zinapotea wapi. Hapo ugomvi huanza kuzaa kanuni. Kanuni hiyo ijaribiwe katika mtambo mmoja, ipimwe, na ikifaa ienezwe kwingine.

Basi nawasihi wakuu wetu, vumilieni kelele za hatua ya pili. Nanyi wanachama, msiondoke kikaoni kwa neno moja chungu. Kazi ikiisha, taarifa isomwe mbele ya Mkutano Mkuu, kikundi kiagwe kwa heshima, na kanuni mpya ikabidhiwe kwa mtu ajulikanaye, isije ikafa pamoja na kikundi.

Naomba kila chama cha msingi kiteue kikundi chake kabla ya msimu ujao. Mali hii ni yetu, na kila mmoja wetu ana kura moja. Kadhalika kila mmoja ana sehemu yake ya kazi.