Mashine ya Kupuliza Majani: Tujilinde, Tuwalinde na Wapita Njia

(Mazungumzo ya afisa wa usalama kazini na vibarua wa usafi, wanakandarasi na wafanyabiashara wa soko)

Nimefurahi kuona hata akina mama mboga mmefika, kwa maana vumbi la mashine hii huishia kwenye sukuma wiki zenu.

Wengi huidharau mashine hii kwa kuwa haina kisu wala msumeno. Lakini upepo wake hutoka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kokoto, kifuniko cha soda au kipande cha chupa kilichojificha chini ya majani ya mwembe kikirushwa kwa kasi hiyo, kinaweza kupofusha jicho la mtoto anayepita. Kwa hiyo okoteni kwanza vitu vigumu. Elekezeni bomba chini, na watu wakae angalau mita 15 kutoka mlipo. Mtu akikaribia, achilia akseleta mara moja, usingoje akuombe.

Sokoni, malizeni kabla ya bidhaa kupangwa. Nyunyizeni maji kidogo vumbi litulie. Penye kinyesi cha panya au kuku, wekeni mashine kando kabisa. Hapo ufagio na maji ndiyo dawa. Leso uliyojifunga puani haizuii vumbi laini. Vaa barakoa ya N95, na miwani ya kinga.

Sasa masikio. Kanuni zetu za kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane katika siku, na mashine nyingi za petroli hupita kiwango hicho sikioni mwa anayeishika. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye hatua moja akusikie, kelele hiyo inaumiza. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, hata kwa dawa. Nawaona vijana mkivaa visikizi vya simu na kuongeza muziki. Hiyo si kinga, ni kelele juu ya kelele.

Vifaa hivi si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri avitoe, wala hapaswi kuvikata kwenye malipo yako. Wanakandarasi, nawatazama ninyi.

Kuhusu petroli: zima injini, iache ipoe, ndipo ujaze. Futa iliyomwagika, kisha sogea mita tatu hivi kabla ya kuwasha. Sigara iwe mbali. Usiiwashe ndani ya stoo, hata kwa kuijaribu tu, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

Na majani yakusanywe kwenye magunia. Yakisukumwa mtaroni, mvua ikija maji yataingia kwenye vibanda hivi hivi.

Haya, twendeni nje. Nani atatangulia kuvaa miwani?