Tofali Tumebeba, Sasa Mkutano Uitishwe

(Niliyoyasema jioni kwa vijana wetu wa Tabora baada ya kazi. Nimeyaandika kama yalivyotoka.)

Najua migongo inauma na wali unapoa, sitawachosha.

Tangu juzi kuna swali linazunguka kwenye grupu letu la WhatsApp: kwa nini vijana wa upinzani tukabebe tofali kwenye shule ya serikali, halafu siku ya kukata utepe waje wenzetu wa kijani? Swali halali. Aliyeuliza yupo hapa, na leo kasomba maji kuliko wengi wetu.

Jibu ni lile boma lenyewe. Wananchi waliambiwa wasimamishe kuta, serikali itapaua. Kuta zikasimama kabla ya mvua za mwaka jana, na mpaka leo hakuna hata bati moja. Tofali zimejengewa udongo, kwa hiyo maji yamekula ukuta mpaka fundi akasema kozi nne za juu zishuke zote. Yaani asubuhi nzima tumebomoa kazi ya wanakijiji, tukakwangua tofali moja moja, ndiyo mchana tukaanza kupandisha. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, hizo nilizifyatua mimi." Nikakosa la kumjibu.

Na hapa Unyanyembe watu wanajua habari za mizigo. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapahapa Tabora, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, kwa miezi. (Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo leo msijione wanyonge.) Njia ile ilipitisha watumwa pia, tusiipambe. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa vibarua huru. Walipatana ujira na posho kabla ya kunyanyua mzigo, na mwenye msafara akileta ujanja kwenye posho, mzigo unawekwa chini au watu wanaondoka usiku. Wazungu kina Stanley wamewalalamikia sana hao "watoro" kwenye vitabu vyao. Mimi nikisoma naona watu waliojua masharti ya kazi yao.

Sasa sheria, maana ndiyo ninayosomea. Ibara ya 25 ya Katiba inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti. Wengi wetu tunaishia hapo, tunapiga makofi. Jamani, someni mpaka ibara ndogo ya 3: kazi za kawaida za ustawi wa jamii, na ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria, havihesabiwi kuwa shuruti. Kwa hiyo atakayekwenda kijijini kusema kila msaragambo ni haramu anawadanganya watu, hata akiwa kamanda.

Pa kubana ni kwingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo watu wanaposomewa mapato na matumizi, na hapo ndipo mtu anasimama kuuliza: sisi tumemaliza upande wetu, mabati yako wapi? Wanakijiji wanasema mkutano haujaitishwa tangu boma lisimame. Na wajumbe wake ni kila mkazi wa miaka 18 na zaidi. Haulizwi mtu kadi ya chama, siyo ya kijani wala ya kwetu.

Ndiyo maana mlikuwa mnaniona na daftari, mkadhani nakwepa zege. Nimeandika waliokuja, saa walizofanya kazi, tofali zilizookolewa na zilizovunjika. Jumamosi ijayo tunarudi kufunga ukuta, na nakala nitawaachia wale akina mama, maana mkutano ni wao. Ukiitishwa, sisi wa mjini tunakaa nyuma kimya. Hatuvai fulana za chama, tafadhali.

Na kuna karai la kijiji limepanda kwenye gari letu. Aliyelichukua alilete hapa mbele.