Gari Likisumbua Ndani: Rekebisha kwa Bei Nafuu, Linda Waranti Yako
(Hotuba kwa wenye magari, Katilu)

Vumbi la barabara zetu halichagui gari.

Kioo cha dirisha kikikataa kupanda, msikimbilie kununua mota mpya. Angalieni fyuzi kwanza. Ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya ampea zile zile, kamwe si kipande cha waya. Kisha ondoeni mchanga kwenye mpira wa kioo kwa brashi kavu. Msipake grisi, itashika vumbi zaidi.

Gari likiwa bado na waranti, someni kijitabu chake kabla fundi hajafungua chochote. Pigeni picha ya hitilafu, mjulisheni muuzaji kwa maandishi, mkaweke nakala na risiti. Kwa gari la mtumba, ahadi ya muuzaji iandikwe kwenye mkataba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro.

Lakini mkanda wa kiti usipofunga, msimkalishe mtu hapo hadi utengenezwe. Safari ya Lodwar ni ndefu, na anayekaa hapo huenda ni mtoto wako.