Cheni mpya, meno ya zamani

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili sina habari za bunge wala za bei ya dola. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukiona kila asubuhi bila kukitazama, nacho ni cheni ya baiskeli. Nasema ile baiskeli yetu ya kawaida isiyo na gia za kubadilisha, yenye karia ya chuma nyuma, inayobeba mikate, maziwa, mkaa na mtoto wa shule. Pikipiki zimejaa mjini siku hizi, lakini yuko mwenye mtaji mdogo ambaye bado riziki yake inazunguka na pedali.

Jirani yangu ni mmoja wa watu hao. Husambaza mikate madukani kabla jua halijachomoza. Cheni yake ilikuwa imelegea na kutoka kila mara. Akanunua mpya, fundi wa pembeni mwa barabara akaifunga, mambo yakaisha. Kesho yake alfajiri, sanduku likiwa limejaa, alisimama juu ya pedali ili awahi kuvuka barabara kuu. Cheni ikaruka meno, pedali ikazama ghafla, naye akaanguka mbele ya daladala. Dereva aliwahi kufunga breki, tumshukuru Mungu. Lakini mikate ilimwagika topeni, na mikate yenyewe aliichukua kwa mkopo. Jioni alinijia goti limefungwa kitambaa, akaniuliza: "Kaka, cheni si ilikuwa mpya? Kosa langu liko wapi?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake linawahusu wengi.

Cheni tunayoitumia imeundwa kwa namna iliyosajiliwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Ina mabamba, pini, na vipete vidogo vinavyozunguka juu ya meno. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Watu husema cheni "imevutika", lakini mabamba hayavutiki kama mpira. Mchanga ukichanganyika na oili hugeuka msasa, ukalika pini na vitundu vyake kidogo kidogo. Kila kiungo kikiongezeka unywele mmoja, cheni nzima inarefuka.

Sasa cheni iliyorefuka haikai tena sawasawa juu ya meno. Hupanda juu yake na kuyala mpaka yafanane nayo. Friwili ya nyuma ndiyo huumia kwanza, kwa sababu ina meno machache, kama 18 au 20, wakati duara la mbele lina 44 au zaidi. Cheni nzee na meno mazee huvumiliana. Ukileta cheni mpya, yenye nusu inchi kamili, ukaiweka juu ya meno yaliyolika, haziafikiani. Ukienda polepole huoni kitu. Ukikanyaga kwa nguvu, inaruka. Hilo ndilo lililomwangusha jirani yangu.

Basi kabla ya kwenda dukani, pima. Chukua futi ya chuma ya seremala. Anza katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24. Cheni nzima inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, karibu milimita moja na nusu, ibadilishe sasa, na friwili yako huenda ikapona. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, yaani milimita tatu, jiandae kununua na friwili. Yatazame meno yake: yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, hayo hayafai tena.

Jambo la pili ni upana. Cheni ya baiskeli isiyo na gia kwa kawaida ina nafasi ya ndani ya sehemu moja ya nane ya inchi. Cheni za baiskeli zenye gia ni nyembamba zaidi, na zimejaa kwenye mitumba. Cheni pana hukubali meno membamba, lakini cheni nyembamba haikubali meno mapana. Itakaa juu juu tu, halafu itatoka. Kwa hiyo usiseme "nipe cheni" ukanyamaza. Taja upana, au nenda na friwili yako mkononi uijaribishe palepale.

La tatu ni urefu. Mafundi wengi huzining'iniza cheni mbili pamoja, kisha hukata mpya ilingane na nzee. Hapo wanajidanganya. Cheni ya viungo 112 iliyolika sana hurefuka zaidi ya nusu inchi, yaani kiungo kizima. Hesabu viungo, usilinganishe kwa jicho.

Ukishafunga, angalia kile kibanio cha kiungo cha kufungia. Upande wake uliozibwa utazame mbele, kule cheni inakoelekea, ili kikigusa kitu kisichomoke. Kisha sogeza gurudumu la nyuma mpaka cheni icheze juu na chini kama nusu inchi, katikati kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Zungusha pedali na upime mahali pengine pia, kwani duara la mbele mara nyingi si duara kamili. Ikikaza mno, inakula bearingi. Ikilegea mno, inatoka. Na wenye baiskeli zinazosimama kwa kurudisha pedali nyuma wakumbuke kwamba cheni ikikatika, breki hiyo nayo imekwenda.

Mwisho ni utunzaji. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari isiguse cheni yako, maana imejaa uchafu na vumbi la chuma. Tia tone moja la oili safi kwenye kila kiungo, zungusha, halafu futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Oili inatakiwa ndani. Ile ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Jirani yangu amekwishanunua friwili. Aliikopa nayo, na mkopo wa mikate bado anaulipa. Angekuwa ameipima cheni yake miezi michache nyuma, angenunua kitu kimoja badala ya viwili, na goti lake lingekuwa zima. Alidhani anaokoa fedha. Wazee walikwisha kusema, rahisi ghali.

Kwa hiyo leo jioni, ukirudi nyumbani, iegemeze baiskeli ukutani uhesabu nafasi 24. Ni kazi ya dakika mbili. Na kama baiskeli si yako bali ni ya kijana anayekuletea maziwa, mwazime futi.

Hadi juma lijalo, safari njema.