Kinyesi ni Shahidi: Kutambua Mapema Maradhi ya Tumbo ya Nguruwe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisiwani Mombasa)

Tunajua wengine mmevuka na feri kutoka Likoni, wengine mmepita Makupa na matatu kutoka Changamwe na Mikindani. Poleni na safari, na karibuni.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mambo ya nguruwe yazungumzwe hapa Kisiwani, karibu hivi na Mji wa Kale? Swali ni zuri. Kule nyumba zimebanana na majirani zetu wengi ni Waislamu. Si mahali pa banda la nguruwe, wala hatuombi pawe. Lakini wapo wanachama wanaolala Kisiwani na mabanda yao yako bara. Hapa ndipo tunapokutana, ndipo wengine hununulia dawa na kuchukulia makombo ya hoteli. Ugonjwa wa banda la bara unaweza kurudi nasi huku kwenye viatu na mikono. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Tuchukue mfano. Kikundi kina nguruwe jike mmoja, amezaa watoto 10. Hao 10 ndio karo ya shule, ndio deni la kikundi. Siku ya tatu wanahara. Siku ya tano wamebaki 4. Mmoja asema ni baridi, mwingine asema ni jicho baya. Katibu akimbilia dukani, anunua dawa yoyote na kuitia majini. Hiyo si tiba, ni kubahatisha. Basi tufanyeje? Tuna hatua nne.

1. TAZAMA UMRI. Umri wa mnyama hutupa nusu ya jibu. Akihara maji ya manjano katika siku za kwanza za maisha, tumshuku bakteria aitwaye E. koli. Bakteria huyu hurudi tena mara baada ya watoto kuachishwa kunyonya. Ukiona damu katika wiki ya kwanza na watoto wanakufa ghafla, huenda ni bakteria wa klostridia. Lakini tahadhari! Kuhara kama uji wa manjano kuanzia siku ya tano hadi wiki ya tatu mara nyingi ni koksidia, na koksidia si bakteria. Dawa ya bakteria haimwezi. Ndipo watu husema, "Tumetia dawa, haikusaidia." Dawa haikuwa mbovu, ila haikuwa dawa ya ugonjwa ule.

2. TAZAMA KINYESI. Msione haya, kinyesi ni shahidi asiyesema uongo. Nguruwe wanaokua, wa miezi miwili hadi sita, wakitoa kinyesi chenye damu na makamasi, tushuku ugonjwa wa kuhara damu wa nguruwe. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Marekani mwaka 1921, lakini bakteria wake alitambuliwa miaka ya 1970. Kinyesi cheusi kama lami, na mnyama amepauka, ni dalili ya ugonjwa wa utumbo mwembamba uletwao na bakteria wa Lausonia. Huyu ni mjanja: mara nyingi hakuna damu wala kifo, ila nguruwe wanakula na hawanenepi, na kundi halilingani kimo. Wataalamu walifaulu kumkuza maabarani mwaka 1993 tu. Basi ukiona wengine wanakua na wengine wamedumaa, usiseme ni mbegu mbaya kabla hujatazama kinyesi.

3. PIMA JOTO. Kikundi kinunue kipimajoto kimoja, kiwe cha mifugo tu. Nguruwe mzima ana joto la nyuzi 39 hivi. Likipita 40 akiwa ametulia kivulini, ana homa. Kuhara pamoja na homa kali na masikio ya zambarau kwaweza kuwa salmonela, na kwaweza pia kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo ni ya virusi, na ilielezwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921. Haiambukizi watu, lakini humaliza banda zima na haina tiba. Kwa macho huwezi kuyatenganisha maradhi haya mawili. Kwa hiyo ukiona dalili hizo usiuze, usihamishe, usichinje. Mwite afisa wa mifugo siku hiyohiyo.

4. PELEKA SAMPULI. Hapa ndipo wengi hukosea. Tunatia dawa kwanza, ikishindwa ndipo twakumbuka maabara. Dawa imeshaua bakteria aliyetafutwa, na maabara haioni kitu! Chukueni kinyesi kibichi, kitoke kwa mnyama mwenyewe na si sakafuni, kutoka kwa wagonjwa kadhaa ambao hawajapewa dawa. Kitieni katika chupa safi yenye kifuniko, mwandike umri, tarehe na dalili. Joto la Mombasa huharibu sampuli upesi, basi itieni katika kikasha chenye barafu. Ifungeni kwanza katika mfuko, isigande wala isiguse barafu. Maabara ya serikali ya kuchunguza magonjwa ya mifugo iko Mariakani, njia ya Nairobi. Mwoneni kwanza afisa wa mifugo awaelekeze, nanyi mfike siku hiyohiyo.

Sasa tuseme lililo gumu. Mnyama akifa kwa kuhara, kuna kishawishi cha kumkatakata na kumuuza usiku ili hasara ipungue. Tusifanye hivyo. Salmonela huingia kwa watu, na anayeumia kwanza ni mtoto mdogo na mzee. Hata aliyepona kwa dawa asichinjwe kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Makombo ya hoteli yachemshwe nusu saa nzima, maana nyama ya nguruwe mgonjwa huweza kurudisha ugonjwa bandani. Na maji ya kuoshea banda yasielekee kisima cha mtu. Jirani asiyekula nguruwe asije akanywa banda letu. Tukilinda kisima chake tumelinda pia ujirani wetu, na bila ujirani hakuna kikundi kitakachodumu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: banda kavu, watoto wote wapate dang'a saa za mwanzo, na nguruwe mgeni atengwe wiki tatu hivi kabla ya kuchanganywa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mrudipo nyumbani, jadilianeni maswali haya:
– Nani katika kikundi chetu atatazama kinyesi kila asubuhi na kuandika daftarini?
– Je, tutaweka akiba kidogo ya nauli na ada ya maabara kabla ugonjwa haujaja?
– Maji ya banda letu yanaishia wapi?

Jibuni kwa ukweli, na mwaka huu mtazika wachache.