KIWANJA CHA MPIRA CHA KIJIJI CHETU

(Hotuba iliyosomwa na karani mbele ya wazee, walimu na vijana, Singida)



Nimeagizwa niseme habari za kilabu chetu cha mpira tangu asili yake. Nilipowauliza wazee asili hiyo ni ipi, kila mmoja alinieleza habari za mahali kabla ya habari za watu. Basi nami nitaanza na mahali.

Kati ya 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila mtu karibu na shamba na zizi lake, walihamishiwa vijijini. Wengine walihama kwa hiari, wengine pasipo hiari, na zimo nyumba hapa ambazo uchungu wake haujakwisha. Walakini vijana ambao hawakujuana walijikuta majirani, na kando ya shule palikuwa na uwanda wa mchanga usiofaa mtama wala uwele. Waling'oa visiki, wakakokota mawe kwa maksai, wakasimamisha miti ya porini iwe milingoti ya goli. Mpira wao ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kilabu kilizaliwa hapo. Jezi zilikuja baadaye sana.

Sheria za mchezo zataka urefu wa kiwanja usipungue mita 90 wala kuzidi 120, na upana usipungue 45 wala kuzidi 90. Chetu nimekipima mwenyewe: upande wa shule kina mita 96, na upande wa barabara 93. (Golikipa wetu wa zamani asema mita 3 hizo ndizo zilizotuponza mara nyingi, nami simsadiki.) Upepo wa Singida mnaujua. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha na mechi zikianza, nahodha huutazama upepo kwanza, ndipo achague goli.

Labda mtu atasema, mpira wenyewe uko mjini; yatosha twende tukautazame huko. Na tuangalie basi ya mjini. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 1917? La, ndugu zangu, msicheke, kalamu yangu imeteleza: ni 2017. Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mwaka 2020 ilishuka daraja. Mwaka 2022 tukapata Singida Big Stars, ambayo kabla yake iliitwa DTB. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate, na mwaka uliofuata jina la Singida likaondolewa. Mwaka huo huo wa 2024 Ihefu, timu iliyotoka Mbarali, ikawa Singida Black Stars. Mashabiki hawakumaliza kufua jezi za jina moja kabla ya kuambiwa wanunue za jina jingine.

Lakini kile kiwanja cha mjini kimekaa pale pale. Zamani kiliitwa Namfua, na sasa chaitwa Liti, kwa heshima ya yule mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wadachi mwanzoni mwa karne iliyopita, ambaye wazee husimulia kwamba aliwatumia nyuki kuwa askari wake. Kila timu niliyoitaja imekanyaga nyasi zile zile.

Sasa nirudi nyumbani, kwa neno lililonileta. Mmesikia kwamba upande wa barabara watakwa kukatwa viwanja vya maduka. Sina ugomvi na maduka. Hata mimi nachoka kufuata chumvi mbali. Bali yanipasa kuungama. Nilipoandika orodha ya mali za kijiji, niliandika zahanati, madarasa, kisima, hata mizani ya alizeti. Kiwanja sikukiandika, kwa kuwa hakina bati wala mlango. Aliyeomba viwanja vya maduka alitazama orodha yangu, akaona mahali pale ni patupu. Kosa si lake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya jumuiya, yaani ile inayotumiwa na wanakijiji wote. Tena Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa kumgawia mtu ardhi mpaka Mkutano wa Kijiji uwe umekubali, na mkutano huo ni ninyi nyote mliotimiza miaka 18. Mita 93 zikipunguzwa mita 10, mpira wa kanuni hautachezwa hapa tena, na vijana watakaa barazani pa hayo maduka.

Naomba basi, kabla ya mkutano ujao, tukipime kiwanja upya mbele ya mashahidi na kukiandika katika daftari. Jumamosi asubuhi nitakuwapo na kamba, kabla jua halijawa kali. Mzee yeyote anayekumbuka mawe ya pembeni yalipofukiwa na afike. Jiwe la upande wa mbuyu nimelitafuta mara mbili, sikuliona.